Sura ya Saba: Wawili kati ya Watatu

Sajenti hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Miaka kumi na sita ya upelelezi ilikuwa imemkomaza, na kituoni walimtania kwamba hata mbwa wa polisi walimpisha njia. Lakini Alhamisi ile, saa sita mchana, akiwa amesimama katikati ya chumba cha kufulia cha hospitali kuu, mama wa watu aliogopa, tena aliogopa hasa. Kijasho kilichomtiririka mgongoni hakikuwa cha joto la mashine peke yake.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha hata moja. Mashine sita, kila moja ikitosha kummeza mtu mzima, zilinguruma kwa pamoja, mvuke umetanda hadi darini, na mtu akikuita kutoka hatua tano humsikii. Ukitaka kumuua mtu mchana kweupe, Sajenti aliwaza, huna haja ya kuhangaika kutafuta mahali pengine.

Mlangoni mwa stoo ya shuka alisimama konstebo mmoja mnene, aliyehamishwa kutoka wodini asubuhi ile. Na ndani ya stoo, nyuma ya marundo ya shuka za kijani, alikaa mwanamke ambaye kila mtu hospitalini aliamini kwamba atakuwa wa tatu.

Wa kwanza alikuwa Boila. Kazi yake ilikuwa kulitunza boila la mvuke, na jina likamganda hata mkewe akawa analitumia. Jumamosi alfajiri alikutwa chini ya ngazi za chuma nyuma ya jengo, shingo imevunjika. Wa pili alikuwa Mama Pasi, mpigaji pasi. Jumanne chumba chake nyumbani kilishika moto, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa waya. Alivunja kioo cha dirisha kwa mikono yake miwili akatoka hai, lakini mikono ile haikutazamika. Sasa alikuwa amelazwa ghorofa ya nne ya hospitali ile ile, juu ya shuka alizozipiga pasi mwenyewe.

Wote wawili walikuwa wameshika kitu cha aina moja: kipande cha karatasi chenye herufi nne. Cha tatu alikuwa nacho Mwenyekiti wa kikundi chao cha akiba, huyu aliyejificha kwenye stoo.

Sajenti aliingia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenyekiti alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, vidole vimekwajuka kwa sabuni. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu.

"Umekula, mama?"

"Chakula kinapita wapi, mwanangu, na roho iko hapa?" Alijigusa kooni.

"Nieleze tena habari ya hiyo akaunti."

"Nimekueleza mara mbili."

"Nieleze ya tatu. Mimi kichwa kizito."

Kichwa chake hakikuwa kizito hata kidogo. Ulikuwa mtindo wake wa kazi. Mara ya kwanza mtu husema anachokikumbuka. Mara ya pili husema alichokisema mara ya kwanza. Mara ya tatu huchoka, na hapo ndipo yanapodondoka yale aliyoyaona si kitu.

Mwenyekiti alishusha pumzi. "Tuko kumi na mmoja, wote wa hapa kwenye kufua. Tulianza na sanduku la chuma, lina kufuli tatu. Funguo tatu, watu watatu. Na sharti letu ni kwamba wenye funguo wasiwe ndugu, wasiwe wakwe, wasiwe hata majirani. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo na wenzao wanaangalia. Hakuna aliyewahi kuiba hata thumni."

"Halafu?"

"Halafu Katibu akaenda semina."

"Ya nini?"

"Ya uhuru wa kifedha." Alilitamka polepole, kama mtu anayelionja. "Akarudi na daftari limejaa. Akatuambia fedha inayolala sandukuni ni fedha mgonjwa. Tukamcheka, lakini maneno yalituingia. Mimi nimefua shuka za watu miaka thelathini na moja, mwanangu. Damu, usaha, na mengine sitayataja. Mtu akikuambia kuna siku utaamka usiende kufua na bado utakula vizuri, utamziba mdomo?"

"Nisingemziba," Sajenti alikiri. Yeye mwenyewe alikuwa na kiwanja alichouziwa mara mbili, wakaja wenyewe watatu. Lakini hilo halikumhusu mtu.

"Tukalima nyanya kwenye banda la nailoni. Zikashikwa na ugonjwa, wiki moja zote chini. Tukafuga kuku mia tatu. Mlinzi aliwala au aliwauza, mpaka leo hatujui."

"Hasara mbili, na bado mkawekeza tena?"

"Ndiyo maana tukawekeza tena. Ulitaka tubaki nazo?"

Nje mashine moja ilifika mwisho wa mzunguko, ikatetemeka, ikanyamaza. Mwenyekiti aliruka karibu adondoke. Sajenti naye mkono ulikwenda kiunoni kabla hajautuma. Wakatazamana, wakaona haya kidogo.

"Ni mashine tu," Mwenyekiti alisema, kana kwamba ni Sajenti aliyehitaji kuambiwa. "Basi tukahamia kwenye kampuni ya uwekezaji, ile ya kwenye simu. Lakini watu wakauliza, sasa kufuli tatu ziko wapi? Tukakubaliana tufanye neno la siri refu, herufi kumi na mbili, tulikate vipande vitatu. Kila mmoja anabuni chake, anakiingiza mwenyewe wengine wakiwa wamegeuza mgongo, anakiandika kwenye karatasi yake. Marufuku kukikariri na marufuku kumwambia hata mwenzako wa kitandani."

"Na baada ya hapo, fedha mlizionaje?"

"Kampuni inatuma barua. Katibu anatusomea kila mwezi. Mwaka huu imekua sana." Kidogo macho yalimng'aa. "Tulikuwa tufungue kesho, Ijumaa, tugawane kabla sijaondoka. Ndiyo hivyo tena. Kuna mtu anavitaka vipande vyetu, afande. Ataniua na mimi achukue changu."

Kabla Sajenti hajamjibu, mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamume wa miaka thelathini na mbili akivuta toroli la shuka safi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Huyo ndiye Katibu, na ndiye mtoto wa mwisho wa Mwenyekiti. Kazi yake ilikuwa kupeleka shuka wodini, na tangu Jumanne alikuwa akilala mlangoni mwa chumba cha mama yake na rungu ubavuni.

"Pole na kazi, afande," alisema. Akamrekebishia mama yake kanga mabegani. "Mama, nimekuomba ule."

"Nitakula, baba."

"Asante kwa kumleta askari huku chini," alimwambia Sajenti. "Kule juu wauguzi wamejaa, nani atathubutu? Mama yangu huku yuko peke yake."

Wazo lilikuwa lake, na Sajenti alikuwa amelikubali asubuhi bila kubishana, kwa sababu lilikuwa na akili. Katibu alipakia shuka zaidi, akalivuta toroli, gurudumu moja likilia. Sauti ile ikamezwa na mngurumo.

Sajenti aliyafungua maelezo yake ya asubuhi. Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa Fundi, mshona nguo za wagonjwa, aliyejitoa kwenye kikundi baada ya nyanya na kuapa mbele ya watu kwamba fedha yake ataipata, wapende wasipende. Sajenti alikuwa amemkuta kwenye cherehani yake saa mbili asubuhi. Alitazamia mtu wa kutetemeka. Alipata mtu wa kuudhika.

"Mimi nimuue Boila nipate nini?" Fundi alimuuliza, pini mdomoni.

"Karatasi yake."

"Niliipata?"

Karatasi ya Boila ilikutwa ndani ya kofia yake, imekunjwa vizuri, haijaguswa. Na simu na pochi pia.

"Na Mama Pasi," Fundi aliendelea, "nimchomee nyumba na karatasi imo ndani? Afande, nakuheshimu, lakini mwizi gani anachoma ufunguo?"

Kisha akamwonyesha tiketi ya basi. Jumamosi yote alikuwa safarini, mashahidi arobaini. Sajenti alimwacha, akaondoka na lile swali. Lilikuwa limemkaa kichwani tangu asubuhi mithili ya punje ya mchanga ndani ya kiatu, na sasa, kwenye joto lile, lilianza kumuumiza kweli.

Mwizi gani anachoma ufunguo? Mtu asiyetaka mlango ufunguliwe.

Simu yake ilitetemeka. Alikuwa Koplo, kijana wake mwenye maneno mengi, aliyetumwa kwenye ofisi za kampuni ya uwekezaji. Sajenti alitoka hadi kwenye korido ili amsikie.

"Afande, hawa watu wana viti vizuri. Nimekaa nikataka kuomba kazi."

"Sema ulichonacho."

"Salio hawalisemi mpaka tulete hati ya mahakama."

"Hati ni Jumatatu. Nilikutuma uulize taratibu, si salio."

"Ndiyo, nimemuuliza karani. Barua za kila mwezi?" Koplo alicheka kidogo. "Hawana barua, afande. Hawajawahi kumwandikia mteja barua. Ukitaka kujua una kiasi gani, unaingia mwenyewe kwa neno lako la siri."

Sajenti aliegemea ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto, lakini yeye alihisi baridi.

"Na wakilipoteza hilo neno?"

"Hilo ndilo zuri. Akaunti ya kikundi ina majina matatu. Wawili kati ya watatu wakifika wenyewe na vitambulisho, wanafunguliwa papo hapo, wala haihitajiki karatasi. Imeandikwa kwenye fomu, kwa herufi ndogo ndogo."

"Fomu ilijazwa na nani?"

"Kuna mwandiko wa mtu mmoja, halafu sahihi tatu. Aliyejaza amejiandika katibu."

"Na akibaki mmoja peke yake?"

"Akibaki mmoja ni kesi ya warithi. Karani anasema anaijua moja ina mwaka wa saba."

Sajenti alikata simu bila kuaga. Alihesabu kwa vidole, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu shule ya msingi. Majina matatu. Aliyetaka akaunti isifunguliwe hakuhitaji kuwaua watatu. Wawili wangetosha. Boila amekufa. Mama Pasi amenusurika kwa dirisha tu.

Na Mwenyekiti? Anakaa chumba kimoja, komeo lake bovu, konstebo mwenyewe alikwishaliandika hilo kwenye ripoti. Kwa siku sita hakuna aliyebisha hodi. Muuaji hakuwa akimwacha kwa mwisho. Muuaji alikuwa amemwacha kabisa. Katika watatu alihitaji kuchagua wawili, na alikuwa amewachagua wale ambao si mama yake.

Alirudi stoo mbio, akajitahidi sauti isimtoke vibaya.

"Mama, siku mlipoingiza vile vipande, mlitumia simu ya nani?"

"Ya Katibu. Ilikuwa na kioo kikubwa."

"Hamkuona vibaya, wakati ni mwanao?"

"Yeye hakuwa na ufunguo, afande. Yeye alikuwa na simu tu. Hata sanduku lilikaa kwa watu wasio na funguo." Mwenyekiti alimshangaa. "Sharti ni la wenye funguo."

"Mlipomaliza, simu ilifanya nini? Kumbuka polepole."

"Haikufanya kitu." Kisha akakumbuka. "Iliuliza swali. Kimaandishi, pale pale kwenye kioo. Boila akauliza hiyo inataka nini. Mwanangu akasema ni mambo ya kawaida, akabonyeza."

"Iliuliza kama ihifadhi lile neno."

Mwenyekiti hakuelewa, na Sajenti ilimbidi amweleze kama anavyomweleza mtoto, huku kila sekunde ikimkereketa. "Kufuli halikumbuki ufunguo, mama. Ukiuchomoa, limekusahau. Simu inakumbuka. Mligeuza mgongo ninyi kwa ninyi, ninyi watatu hamkuonana. Simu iliwaona wote. Tangu siku ile mwenye simu anaingia anapotaka."

Shuka aliyokuwa ameishika Mwenyekiti ilimdondoka.

"Yuko wapi sasa hivi?" Sajenti aliuliza.

"Amepeleka shuka."

"Wapi?"

"Ghorofa ya nne. Na chai ya Mama Pasi. Si hawezi kushika kikombe? Mwanangu anamnywesha. Mama Pasi alisema jana kwamba kesho watambeba hata kwa kiti cha magurudumu, twende naye ofisini kwa ile kampuni tukaulize. Mwanangu alikuwepo. Alisema ni wazo zuri."

Sajenti alipiga simu ya wodi. Iliita, ikaita, ikakatika. Ilikuwa saa ya chakula cha wauguzi. Yule mlinzi pekee wa Mama Pasi alikuwa amesimama hapa mlangoni, mita kumi na tano chini yake, kwa amri ya Sajenti mwenyewe. Alijichukia.

"Panda kwa ngazi," alimwambia konstebo. "Asishuke mtu. Lifti ya wagonjwa iko upande gani?"

"Hiyo utaisubiri mpaka kesho," Mwenyekiti alisema. Alikuwa amesimama. "Njoo na hii ya shuka."

Lifti ya shuka ilikuwa sanduku la bati nyuma ya mashine za kukaushia, lango lake la kuvuta kwa mkono. Mwenyekiti alilivuta, akaingia kabla hajaambiwa abaki. Sajenti alifungua mdomo kumkatalia, kisha akaona kwamba kitasa kina ujanja wake na ni yule mama pekee anayeujua. Wakapanda.

Ile lifti ilitambaa. Ghorofa ya kwanza. Taa ikafifia, ikarudi. Ya pili wakasimama, na mfagiaji mmoja akataka kuingiza ndoo zake. Sajenti alimwonyesha kitambulisho na uso wake, mfagiaji akarudi nyuma mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa akitazama sakafu. "Jumamosi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake. "Kuniuliza kama nimeamka. Nikamwambia bado niko kitandani. Akasema haya, usiwahi kazini leo, kuna baridi."

Sajenti alijua, na alijua kwamba Mwenyekiti anajua, kwamba wafuaji wote wa zamu ya asubuhi huingia kwa zile ngazi za chuma. Katibu alikuwa akihakikisha ni nani atakayezishuka.

"Hiyo si kitu," Mwenyekiti aliongeza. "Mtoto kumpigia mama yake si kitu."

Ghorofa ya nne. Lango lilikwama, Mwenyekiti akalipiga teke mahali fulani, likafunguka.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane, na watu wengi walikuwa wamelala usingizi wa dawa. Kwenye kitanda cha mwisho Mama Pasi alikuwa ameegemezwa mito miwili, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Katibu ameketi pembeni, toroli lake likiwa nyuma yake. Mkono mmoja alikuwa amemshika bega, mkono mwingine ameshika kikombe cha plastiki chenye mrija. Mrija ulikuwa umefika midomoni.

"Hebu acha kwanza," Sajenti alisema.

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini Katibu alisimamisha mkono. Aliwatazama wote wawili. Uso wake haukubadilika sana.

"Afande. Mama, mbona umetoka?"

"Ndimu imezidi," Mama Pasi alilalamika. "Nimegusa kwa ulimi tu. Chai gani chachu namna hii?"

"Usimeze kitu," Sajenti alimwambia. "Tema." Akasogea hatua mbili. Alikuwa akipima: kikombe kile kikimwagika chote, hana ushahidi, akimrukia, kijana ana nguvu, na mgonjwa yuko katikati. Hakuna hata kimoja alichoweza kukithibitisha kwa wakati ule. Simu inayokumbuka, barua ambazo hazipo, mama aliyeachwa hai. Wakili yeyote angeyacheka. "Katibu, niwekee hicho kikombe juu ya meza. Polepole."

"Ni chai, afande."

"Basi niwekee."

Walipokuwa wakivutana kwa maneno, hakuna aliyemwangalia Mwenyekiti. Yeye alikuwa amezunguka kitanda upande wa pili, kwa ule mwendo wa watu wa kufua, ambao hawaonekani wodini kwa sababu hakuna anayewatazama. Aliunyosha mkono, akakitwaa kikombe kutoka mkononi mwa mwanawe kama mtu anavyompokonya mtoto mkasi.

"Chai ya mwanangu," alisema. "Mimi tangu jana sijala."

Akauchomoa mrija, akakiinua.

"Mama, weka chini," Sajenti alisema, na alijua kwamba hatamfikia.

Katibu alimfikia. Aliurukia mkono wa mama yake juu ya miguu ya mgonjwa, akaupiga kwa nguvu zake zote. Kikombe kikaruka, chai ikamwagika kitandani, Mama Pasi akapiga yowe la maumivu. Katibu akabaki ameinama, ameshika kiwiko cha mama yake kwa mikono yote miwili.

"Usinywe hiyo," alisema. "Mama, usinywe hiyo."

Mwenyekiti alimtazama.

"Mimi nisinywe," alisema. "Na huyu? Huyu si mama wa mtu?"

"Nilikuwa nairudisha ile fedha." Maneno yalimtoka Katibu haraka haraka, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri yao wawili tu. "Ilikuwa imebaki hatua moja. Nilikuwa nanunua fedha za kigeni asubuhi, nauza jioni, nilikuwa napata, mama, miezi mitatu mizima nilikuwa napata. Nilitaka usifue tena. Halafu siku moja tu ikaenda yote. Siku moja. Ningewaambiaje? Nyanya, kuku, halafu na hii? Nilihitaji muda tu, nirudishe, hakuna ambaye angejua."

"Boila alikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo," mama yake alisema.

Sajenti alimvuta Katibu mikono nyuma, akamfunga pingu. Hakubisha. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayepiga hesabu ambayo bado anaamini itakubali. Konstebo alifika mlangoni akihema, na Sajenti akamkabidhi. Mama Pasi alikuwa akilia, muuguzi mmoja amekuja mbio na mkate mkononi, akaambiwa amsafishe mgonjwa mdomo na amwite daktari mara moja.

Sajenti aliinama kukitafuta kikombe chini ya kitanda. Kilikuwa kimelala ubavu, na ndani hakukuwa na kitu zaidi ya unyevu. Aliponyanyuka alimwona Mwenyekiti ameikodolea macho ile shuka.

Chai ilikuwa imesambaa juu ya kitambaa cha kijani. Lakini haikuwa na rangi ya chai. Ilikuwa maji maji, imepauka.

"Chai haiwi hivi," Mwenyekiti alisema. "Hiyo ni dawa yetu ya kutoa kutu. Haina harufu. Ina uchachu. Tunaifungia kabatini. Mimi ndiye nilimwonyesha kabati."

Kisha, bila kuwaza, maana mikono yake ilikuwa na miaka thelathini na moja ya kazi hiyo, aliishika pembe ya shuka akaanza kuivua. Alikwisha kuikunja nusu, doa likielekea ndani, kama alivyofundishwa siku ya kwanza.

Sajenti alimshika kifundo cha mkono. Alikuwa ameona vifo vingi na wafu wengi, lakini hakuna amri aliyowahi kuitoa kwa uzito kama ile.

"Hiyo isiguswe, mama," alisema. "Isifuliwe. Ndiyo itakayosimama mahakamani."

Mwenyekiti alimwangalia kana kwamba hakusikia. Mlango wa wodi ulifungwa nyuma ya konstebo na mwanawe. Aliendelea kuishika ile pembe, hakuikunja, hakuiachia, mpaka Sajenti alipoanza kumfungua vidole kimoja kimoja.